Maswali yenu kuhusu herpesi: inaanzaje kujinakili?

DNA ya kirusi cha herpesi ni ndefu mno. Protini zake zinajuaje pa kuanzia?

Zinasoma. HSV-1, ile ya vidonda vya mdomoni, ina jozi za herufi 152,000 hivi, na vituo vya kuanzia ni vitatu tu. Protini iitwayo UL9 hutafuta mfuatano huu: CGTTCGCACTT. Huutambua nyuzi mbili za DNA zikiwa bado zimefungana, kisha huushika pande mbili za kipande kilichojaa herufi A na T. Kipande hicho hakikuwekwa hapo bure: A na T zimeshikana kwa vifungo viwili, G na C kwa vitatu, kwa hiyo pale ndipo rahisi kuachana. UL9 ikisaidiwa na protini nyingine ya kirusi, ICP8, hufungua, na mashine nyingine za kunakili hufuata.

Jamii yote ya herpesi hufanya hivyo?

Hapana. Chukua kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa Burkitt kutoka Uganda. Kikiwa kimelala, protini yake EBNA1 hushika DNA lakini haina uwezo wa kuifungua. Inaita mashine za seli zetu wenyewe, na kirusi hunakiliwa pamoja na seli.

Mkanda wa jeshi nao ni herpesi?

Ndiyo, ni kirusi cha tetekuwanga kilichoamka. Ukikupata ukiwa kijana, kapime VVU.

Dawa ya herpesi, asikloviri, inaizuia UL9?

La. Inaikwamisha polimerasi, protini inayojenga DNA mpya, hatua za mbele.

Nimeuziwa mizizi ya kumaliza herpesi na vidonda vimekauka. Nimepona?

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: hujapona. Vidonda hukauka vyenyewe hata usipotumia kitu. Muuzaji anajua hilo, na ndilo analolipiwa. Kirusi kimejificha kwenye mishipa ya fahamu, hakijinakili, na dawa inayozuia kunakili haina cha kushika pale. Asikloviri yenyewe haikimalizi. Inafupisha mlipuko na kupunguza marudio, na hilo si dogo.

Jicho likiuma na kuwa jekundu, usilitie dawa ya kienyeji, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mama mjamzito mwenye vidonda sehemu za siri amwambie mkunga kabla uchungu haujaanza. Herpesi huua watoto wachanga.