Kijana akipigwa risasi, kaeni na marafiki zake

Wazazi wenzangu mliohamia Chicago, hasa wenye vijana wa kiume, naona bado tunapeana ushauri wa funga mlango mapema, usipite mtaa fulani, basi. Hautoshi.

Mtoto wa jirani yetu alipigwa risasi ya paja pale sheli, akapona, alhamdulillah, sisi wamama tukajaa wodini na mahotipoti ya wali kumbe hatari iko koridoni, marafiki zake wameinamia simu wanatafuta nani kaposti nini ili walipize kisasi, hakuna hata mmoja anaelia. Kuna baba mmoja wa mtaani, ujanani alifungwa miaka mingi, saivi kazi yake ni kutuliza hizi bifu. Akaja akakaa nao palepale chini mpaka alfajiri, hakuwahubiria, aliwauliza tu mama yako yuko macho saa hizi? Halafu akawapeleka kula.

Kazi hiyo ilianzishwa hapa mwaka 2000, mtaa wa West Garfield Park, na daktari Gary Slutkin, ambae kabla ya hapo alipambana na kipindupindu Somalia na ukimwi Uganda, aliporudi akaona ramani za mauaji zinafanana kabisa na za mlipuko wa ugonjwa, kifo kimoja kinaleta kingine. Na angalieni miaka yenyewe: 1974 waliuawa watu 970 hapa Chicago, 2004 ikashuka mpaka 453, 2016 ikapanda tena kupita 750, 2021 karibu 800, 2024 chini ya 600. Sasa roho za watu hazibadiliki hivo, kimojawapo kinachobadilika ni kama kuna mtu wa kuukata mnyororo wa kisasi au hayupo. Mtafiti Andrew Papachristos alikuta asilimia 70 ya waliojeruhiwa kwa risasi hapa wako kwenye mitandao ya watu wasiofika hata asilimia 6 ya jiji, yani ni walewale wanaojuana.

Kwahiyo wajue marafiki wa mwanao kwa majina, na mama zao pia. Matusi ya Instagram msiyaite utoto, bifu nyingi zinaanzia hapo. Akiumia mmoja, ulizeni hospitali kabla hajaruhusiwa kama wana watu wa kusuluhisha, na usiku ule wa kwanza wale marafiki wasiachwe peke yao, wapikieni, walale kwenu sebuleni. Mjomba akianza mwanaume hakubali kuonewa, mkatizeni hapohapo watoto wakisikia. Na majeruhi akitoka, kama mna ndugu hata Indiana, akakae huko kwanza.