Mlimau unaopukutisha majani Copenhagen: maji, mwanga na kazi za bustani kabla ardhi haijaganda

Assalamu alaikum. Dada wa Wete ameeleza kwamba binti yake anayeishi Copenhagen ana mlimau, mrehani na mshubiri vyunguni, na kwamba tangu aitoe roshanini na kuiingiza ndani mwezi wa Oktoba, mlimau unapukutisha majani. Anauliza kama auongezee maji na mbolea, na kama kuna chochote cha kupanda katika kijibustani cha nyuma ya nyumba kabla ya baridi kali. Kabla ya kurudi Unguja niliishi mji huo huo miaka kadhaa, nikilea mimea ya aina hiyo dirishani, na ushauri wangu ni kwamba maji apunguze na mbolea aiache kabisa.

Kinachouumiza mlimau huo si baridi, maana nyumba za kule hupashwa joto hadi nyuzi 20 na zaidi. Ni uhaba wa mwanga. Sisi huku mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, ilhali Copenhagen mchana wa Disemba ni kama saa 7 tu, na siku nyingi hata saa hizo hupita chini ya mawingu. Mti uliozoea jua la roshanini ukihamishiwa sebuleni ghafla hushindwa kuyalisha majani yake yote, ndipo unapoyaachia. Na kwa kuwa haukui, maji huyatumia kidogo mno, hivyo yale unayomwagiwa kwa huruma hubaki chunguni, udongo ukakosa hewa na mizizi ikaoza, huku matawi yakinywea kama ya mti wenye kiu, na mwenyewe akazidi kumwagia. Nimeona mimea mingi ikifa kwa namna hii kuliko kwa jalidi.

Kwa hiyo azamishe kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikikuta unyevu, auache. Kikitoka kikavu, amwagie mpaka maji yachuruzike chini, kisha yale ya kisahanini ayamwage. Mshubiri unaweza kukaa wiki 3 au 4 bila tone. Akitaka kujua kama mlimau ungali hai, akwangue gome la kitawi kwa ukucha: ukijani chini ya gome ni dalili kwamba utachipua mwanga ukirudi. Mrehani, kwa kweli, asijisumbue nao. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 huwa umeshaumia, na bila taa maalumu ya mimea hautavuka majira hayo. Achukue mbegu zake azisie masika yao yakifika.

Mahali pazuri ni dirisha linaloelekea kusini, ambako jua la kule hupita chini chini. Tatizo ni kwamba vipasha joto hufungwa chini ya madirisha hayo hayo, na hewa yake kavu ndiyo inayoleta utitiri. Ashike karatasi nyeupe chini ya jani na kuligonga kwa kidole. Vidoa vikianguka na kuanza kutembea, mti uoshwe bafuni kwa maji ya uvuguvugu, hasa upande wa chini wa majani, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya siku chache. Kunyunyizia maji kila asubuhi, kama wengi wanavyofanya, humfurahisha zaidi mnyunyizaji, kwani unyevu huo hukauka upesi. Usiku majani yasigusane na kioo, na pazia lisiufungie mti upande wa baridi. Kama ana chumba chenye mwangaza na ubaridi wa nyuzi 8 hadi 12, mlimau utatulia zaidi humo, kwa kuwa ukiwa katika ubaridi huo mahitaji yake ya mwanga hupungua.

Huko bustanini, wakati sisi tunapanda kwa mvua za vuli, wao wanafunga kazi, isipokuwa kwa vitunguu thomu. Hivi hupandwa Oktoba au Novemba kwa sababu bila majuma ya baridi kitunguu huelekea kubaki duara moja lisilogawanyika dole dole. Kila dole lifukiwe sentimita 5 hivi, ncha ikiwa juu, na nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kisha tuta lifunikwe kwa majani makavu. Mavuno ni Julai. Anunue vya mbegu, kwani vya dukani huenda vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua.

Mpira wa maji aumwage wote na kuuingiza ndani, na vyungu vya udongo asiviache nje, kwa sababu maji yaliyomo yakiganda hutanuka na kuvipasua. Mbolea ingoje Machi, chipukizi mpya zikionekana, na mlimau usirudi roshanini kabla ya nusu ya pili ya Mei, tena kwanza ukae kivulini siku chache ili majani yasibabuke.