Samaki hafanyi "zoezi la upumuaji"

SWALI: Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma. Nikisema samaki anapumua, mwenzangu ananikosoa kwamba samaki hana mapafu. Anataka niandike ubaoni: "Zoezi la upumuaji wa samaki hufanyika kwa njia ya matamvua." Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, Mwalimu. Kupumua hakukuwekewa sharti la mapafu. Kiumbe kinachochukua oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi kinapumua: nyungunyungu kwa ngozi yake yenye unyevu, panzi kwa vitundu vya ubavuni, kiluwiluwi kwa matamvua, na akishakuwa chura, kwa mapafu na ngozi.

Mwenzako angesimama kwenye "kuvuta pumzi" ningemuunga mkono. Pumzi ni hewa, na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, havuti hewa. Hupitisha maji kinywani, yakapita kwenye matamvua yanayonasa oksijeni iliyoyeyuka humo, kisha yakatokea pembeni mwa kichwa. Wavuta pumzi ni mamba na kiboko wa Mto Malagarasi, ndiyo maana lazima waibuke. Kamongo naye yumo: ana matamvua, lakini ana mapafu pia, na akizuiwa kufika juu ya maji, hufa maji ingawa ni samaki.

Sasa hilo "zoezi". Neno limetokana na kuzoea. Zoezi ni jambo unalolirudia mpaka ulizoee: mwanafunzi na hesabu zake, askari na kwata lake. Mgebuka anajizoeza nini? Amepumua tangu alipoanguliwa, bila kufundishwa. Ugonjwa huu umetoka kwenye matangazo na taarifa za mikutano, ambako watu hawachanjwi tena, bali "zoezi la chanjo linafanyika". Miti haipandwi, "zoezi la upandaji miti linaendelea". Kitenzi kinanyongwa, kinageuzwa jina, kisha "kufanyika" kunaletwa kubeba maiti yake. Na mtendaji anapotea! Katika sentensi ya mwenzako samaki amesukumwa nyuma ya "upumuaji", hali yeye ndiye mwenye kupumua. Mtoto atakariri zoezi, asimwone mnyama. Hilo ndilo linaloniudhi hasa, kwa sababu Kiswahili kina utajiri wa vitenzi: pumua, hema, tweta, vuta pumzi, shusha pumzi. Hata pumzika ni wa ukoo huohuo.

Andika ubaoni: "Samaki hupumua kwa matamvua." Maneno manne, badala ya kumi ya mwenzako. Na neno matamvua lichoreeni picha, kwani ni jina la nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la kitambaa, na ndivyo viungo hivyo vilivyo: nyuzi laini zinazoelea majini, zikitolewa nje hugandamana, samaki akakosa oksijeni hewani ilikojaa tele.

Mnunuzi wa samaki wa Kibirizi, Kigoma, anayeyaita matamvua "mashavu" akiyafunua aone kama bado ni mekundu, simgusi. Anaeleweka, na anajua anachokitafuta.