Kwa mnaoanza kazi ya kupima usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa, Nairobi

Jamaa zako watakuuliza: malaria gani Nairobi? Wana haki. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wengi tunaowakuta na vimelea wametoka ushago juzi: Siaya, Busia, Kisumu. Kwa hiyo fomu isiyosema mgonjwa alisafiri wapi, irudishe kliniki siku hiyo hiyo. Bila safari, jibu lako halina pa kuwekwa kwenye ramani.

Sasa lililo kubwa. Wanagenzi hupenda kusema "dawa imevibadilisha vimelea". Acha kabisa. Mgonjwa aliyelemewa hubeba vimelea mabilioni, navyo vinapozaana jeni hunakiliwa na makosa mara nyingine, dawa iwepo isiwepo. Tena vikiwa ndani ya damu yetu vina nakala moja tu ya kila jeni; kosa lenye faida huonekana papo hapo, hakuna nakala ya pili ya kulifunika. Dawa huua vilivyo dhaifu na kuviachia vilivyo sugu uwanja.

Chukua klorokwini, dawa ya zamani ya malaria. Hurundikana katika kifuko ambamo kimelea humeng'enya himoglobini. Kwenye ukuta wa kifuko hicho kuna protini iitwayo PfCRT. Asidi amino ya nafasi ya 76, lisini, ikigeuka threonini, pamoja na mabadiliko mengine ya protini hiyo, huanza kuitoa dawa nje. Na badiliko hilo kuu la 76 ni herufi moja tu ya DNA! Fansidar, iliyochukua nafasi yake Kenya mwaka 1998, ilishindwa hatua kwa hatua, jeni mbili za kimelea zilipobadilika: dhfr nafasi za 108, 51 na 59, halafu dhps nafasi za 437 na 540. Zikariri, utakutana nazo sana. Kwa artemisinini, msingi wa dawa za malaria za sasa, angalia jeni ya kelch13. Majirani wetu tayari wanayo mabadiliko yake: nafasi ya 561 Rwanda, 469 na 675 Uganda.

Ukiona vimelea vya aina mbili katika sampuli moja, andika vyote viwili. Usichague kinachopendeza. Na malaria ikirudi siku ya 28 tangu matibabu, usitangaze dawa imeshindwa kabla ya kulinganisha msp1 na msp2, jeni zinazotofautiana kati ya vimelea, za siku ya kwanza na za sasa, maana huenda mgonjwa alirudi Busia akaumwa na mbu mwingine. Uliza pia kama alimaliza dozi, na kama aliinunua chemisti au alipewa hospitalini.

Kwenye karatasi ya damu kavu, andika nambari kwa penseli. Wino hutawanyika ukiguswa na spiriti.