Safari ya Mvinyo Ianze na Dereva

Kwa miaka kadhaa sasa, mimi na marafiki zangu wanne tumekuwa na desturi ya kukodi gari moja na kuzunguka miji midogo inayolima mizabibu, tukila kinachopikwa pale na kuonja mvinyo kwa watu wanaoutengeneza kwa mikono yao. Watu wanaotaka kufanya safari kama hiyo huniuliza kwanza wapitie mji gani na wanunue mvinyo upi. Nami huwauliza nani ataendesha, siku ipi, na wamekubaliana naye nini. Wakishalijibu hilo, idadi ya miji, saa ya chakula, kiasi cha kuonja na mahali pa kulala hujipanga karibu vyenyewe.

Sisi hatukulijua hilo katika safari yetu ya kwanza. Tulipanga miji sita kwa siku mbili, kila mmoja akiwa na leseni yake mfukoni, tukidhani kwamba yeyote atakayejisikia vizuri ndiye atakayeshika usukani. Siku ya kwanza, jua likikaribia kuzama, tulitoka katika kiwanda cha tatu tukasimama kando ya gari, na ufunguo ukawa juu ya boneti bila mtu wa kuuchukua. Hakuna aliyelewa kwa namna ya kuyumba, lakini hakuna ambaye hakuwa ameonja, na chumba tulichokuwa tumekilipia kilikuwa mji mwingine, mbali, kwa barabara ya milima yenye kona kali. Mwenye kiwanda alitutafutia vyumba viwili kwa jirani yake, tukalala tumebanana, na malipo ya chumba cha kule yakapotea. Nashukuru mpaka leo kwamba tulipoteza fedha tu.

Usiku ule mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni ya maabara, alichukua kalamu akatupigia hesabu ambayo sijaisahau. Kipimo cha kuonja huwa kidogo, tuseme mililita 40, na ndiyo maana humlaghai mtu. Ukionja aina tano katika kiwanda kimoja, umekunywa mililita 200. Ukifanya hivyo katika viwanda vitatu, umefikisha mililita 600, yaani sehemu nne kati ya tano za chupa ya kawaida ya mililita 750. Ikiwa mvinyo huo una kilevi cha asilimia 13, umeingiza mwilini gramu 60 hivi za alkoholi, ilhali ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi kichwani, wala usingizi wa nusu saa kwenye kiti cha nyuma. Kinachoondoa kilevi ni muda peke yake, na kwa hesabu ile kila mmoja wetu alihitaji kati ya saa sita na tisa.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba zamu za udereva hupangwa nyumbani, kabla ya kufunga mizigo, na anayeendesha siku hiyo haonji kabisa. Najua sheria za nchi nyingi huruhusu kiasi fulani: Uingereza, ukiiacha Scotland, kikomo ni gramu 0.8 za alkoholi kwa lita moja ya damu, nchi nyingi za Ulaya ni gramu 0.5, na Sweden ni gramu 0.2. Hata hivyo sishauri mtu yeyote apange safari yake kwa kukisogelea kikomo, kwa sababu hakuna anayeweza kuipima damu yake kwa hisia, na barabara za mashambani ni nyembamba, zina matrekta, wanyama na giza. Sisi kwa kuwa ni watano, safari ya siku tano humpa kila mtu zamu moja, na hakuna anayejiona ameonewa.

Kanuni ya pili inatokana na ya kwanza: viwanda viwili kwa siku vinatosha. Cha kwanza tunakwenda saa nne asubuhi, wakati kinywa bado ni safi na mwenyeji hajachoka. Cha pili baada ya chakula cha mchana na mapumziko. Pigeni simu siku kadhaa kabla, hasa kwa wazalishaji wadogo, maana mara nyingi anayewakaribisha ndiye huyo huyo anayepogoa mizabibu na kuosha mapipa. Wakati wa mavuno, ambao kaskazini mwa ikweta huwa kati ya Agosti na Oktoba na kusini huwa kati ya Februari na Aprili, mtaona mengi zaidi, lakini wenyeji huwa na kazi usiku na mchana, na si haki kuwafikia bila miadi.

Faida ya kutokuwa na haraka niliiona wazi kwa mzee mmoja aliyetutembeza shambani kabla ya kutuonjesha chochote. Mwanzoni mwa kila mstari wa mizabibu palikuwa na mwaridi mmoja, nami nilidhani ni pambo. Alinyofoa jani la mwaridi, akaligeuza mbele ya jua na kutueleza kwamba waridi hushambuliwa mapema na ukungu wa unga, ugonjwa unaoipata pia mizabibu, hivyo wakulima wa zamani walilitazama kama mlinzi na kuwahi kuinyunyizia mizabibu salfa. Siku ile dereva wetu ndiye aliyeuliza maswali mengi na mazuri kuliko sisi sote. Tangu hapo huwa tunamwomba mwenyeji aanze na shamba na ghala la mapipa, ili dereva apate ziara iliyokamilika na asiwe mtu wa kusubiri kwenye kivuli.

Kuhusu kuonja kwenyewe, nawasihi wasafiri wasione haya kutema. Chombo kilichowekwa mezani kimewekwa kwa kazi hiyo, na waonjaji wa kazi hutema kila funda, kwa kuwa harufu na ladha hupatikana mvinyo ukizungushwa kinywani, si ukimezwa. Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio na utamu, kisha mwekundu, na mtamu uwe wa mwisho, la sivyo utamu utaufanya ule mkavu uonekane mchachu kuliko ulivyo. Kunyweni maji katikati, na msijipake manukato makali asubuhi hiyo, maana pua ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anayetema naye asijidanganye, kwani kiasi kidogo hufyonzwa kinywani au humezwa bila kukusudia. Ndiyo sababu hatumhesabu aliyetema kuwa dereva wa akiba.

Chakula ndicho kinachofanya safari hii iwe ya marafiki wote, wanywaji na wasio wanywaji. Mvinyo mwekundu mchanga, ambao haujakaa sana, ukionjwa peke yake huacha ukakasi, ulimi ukakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Hiyo ni kazi ya tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mwenyeji mmoja alinipa funda la mvinyo wa namna hiyo, akangoja nikunje uso, kisha akanipa kipande cha nyama ya kuchoma kinachodondosha mafuta na kuniambia nionje tena. Ukakasi ulikuwa umelainika kabisa, kwa kuwa tanini hushikamana na protini za nyama badala ya zile za mate. Tangu siku hiyo sinunui mvinyo mwekundu kwa kuhukumu funda la kwanza lisilo na chakula.

Ila katika miji midogo chakula hakiwasubiri. Jiko linaweza kufungwa mapema mchana na lisifunguliwe tena mpaka usiku, na siku nyingine mji mzima hupumzika. Mezeni tonge la asubuhi lenye uzito, wekeni mkate, jibini na matunda kwenye gari, na saa ya kula mchana ichaguliwe na dereva, kwa kuwa njaa ya abiria ni karaha tu, ilhali njaa ya dereva ni hatari. Yeye pia ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kusimama. Sisi husimama walau dakika 15 kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna la kutazama.

Fedha tunazichanga kabla ya kuondoka na kumkabidhi mmoja, tukatenga ununuzi wa chupa, isipokuwa zile za dereva nitakazozieleza, kuwa jambo la kila mtu binafsi, na ugomvi umekwisha hapo.

Chupa zenyewe zinahitaji uangalifu zaidi ya watu wanavyofikiri. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na mvinyo unaopenda nyuzi 10 hadi 15 huharibika humo kwa mchana mmoja. Kizibo husukumwa nje na ladha huwa kama ya matunda yaliyochemshwa. Nunueni alasiri, mzifunge kwa blanketi ndani ya kisanduku cha barafu, na jioni mwingie nazo chumbani.

Katika kila kiwanda tunamwomba mwenyeji atuchagulie chupa moja tunayoilipia kwa pamoja, na hiyo ni ya dereva. Jioni, gari likishaegeshwa na ufunguo kuwekwa kwenye droo ya mtunza fedha, dereva ndiye anayezing'oa vizibo na kujimiminia bilauri ya kwanza, huku sisi tukimsimulia yale tuliyoyaonja mchana na kumngoja aseme kama tulikuwa sahihi.