Hilux ya zamani yenye V8: anza na breki

Ndugu yangu, unasema Hilux yako ya 1979 uliyoifunga V8, injini kubwa ya silinda nane, inateleza nyuma kila mvua ikinyesha Bukavu. Haijarogwa. Bodi ya nyuma haina mzigo na nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Tupa mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, ifunge kamba, kwenye matope ondoka na gia ya pili.

Kinachonitisha mimi ni breki. Kama bado ni za ngoma, mteremko mrefu zinachemka, pedali inazama, harufu ya kuungua inajaa ndani. Yalinikuta, nilisimama kwa kuisugua gari kwenye ukingo. Fundi akufungie diski za mbele kabla hajagusa tena karbureta, ile inayochanganya hewa na petroli. Nguvu ya injini inapungua kiasi hapa hata karbureta ikiwa sawa, kwa sababu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi.