Maswali ya Santuri: Watu Watatu, Dramu Hakuna

Toleo lililopita tuliigusia santuri namba 209 ya lebo ya Sun, ya kwanza ya Elvis Presley, iliyorekodiwa Memphis, Marekani, Julai 1954. Upande mmoja ni "That's All Right", wa pili "Blue Moon of Kentucky". Haya ni baadhi ya maswali mliyotuletea.

Mimi ni mtu wa dansi, nimezoea magitaa, tarumbeta na tumba. Kijana wangu kanisikilizisha huu wimbo: magitaa mawili na besi, haufiki hata dakika mbili. Mbona haunitoki kichwani? (Msomaji, Tanga)

Sikiliza besi kwanza, mzee wetu. Bill Black anapiga ile besi kubwa ya mbao ya kusimama. Anauvuta uzi kwa nguvu hadi ukiachiwa unagonga shingo ya besi, halafu kiganja kinazipiga nyuzi zote katikati ya mapigo. Chombo kimoja kinatoa noti nzito ya chini na mlio mkavu wa kugonga unaoijibu, na huo mlio ndio unaoshika kazi ya dramu. Presley anakwangua gitaa kavu kujaza katikati. Scotty Moore, kwenye gitaa la umeme la Gibson, anatembeza nyuzi nene kwa dole gumba huku vidole vingine vikichomeka vipande vya solo. Wewe wa dansi unalijua hilo: magitaa yakipishana vizuri, hata yakiwa machache, uwanja unajaa.

Jambo la pili ni mchanganyiko. "That's All Right" ni utunzi wa Arthur Crudup, mwanabluzi mweusi kutoka Mississippi, aliyeurekodi 1946. "Blue Moon of Kentucky" ni wa Bill Monroe, na ulikuwa waltz ya mapigo matatu. Hawa vijana wameugeuza kuwa wa mapigo manne na kuukimbiza. Bluzi upande huu, kantri upande ule, na huo ndio mzizi wa rokabili, yaani rock'n'roll ya mwanzo yenye ladha ya kantri. (Crudup alidai mirabaha yake hadi anafariki 1974 bila kuipata ipasavyo. Mtafute naye umsikilize. Rekodi yake ina uzito ambao hii haina.)

La tatu, wote wamepiga kwa pamoja, sauti zote zikaingia kwenye njia moja ya tepu. Besi ikizidi, huwezi kuipunguza kesho yake. Sam Phillips, mwenye studio, alipaswa kupata mizani pale pale, kwa kuwasogeza watu na maikrofoni. Rekodi nyingi za leo ni safi kuliko hii, lakini ni chache zinazokupa hisia kwamba watu wako chumba kimoja na wanasikilizana.

Tuna bendi ndogo. Tumejaribu kuiga ule mwangwi wa rekodi za Sun, lakini sauti inatoka kama ya pangoni. Tunakosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

Mnatumia mwangwi wa ukumbi, ambao ni marudio mengi yaliyovurugana. Wa Sun ni rudio moja tu, fupi. Phillips alitumia mashine mbili za tepu za Ampex: moja inarekodi, ya pili inanasa sauti hiyo hiyo na kuirudisha ikiwa imechelewa kidogo. Uchelewaji unatokana na umbali kati ya kichwa kinachorekodi na kinachosoma. Tepu ikienda sentimita 38 kwa sekunde, na vichwa vikiachana kama sentimita 5, unapata takriban milisekunde 130.

Kwa hiyo kwenye kifaa chenu cha "delay" wekeni milisekunde 120 hadi 140, rudio moja tu, yaani ile "feedback" ishusheni hadi sifuri. Kiasi cha mwangwi anzeni na asilimia 20, msipite 30. Punguzeni ukali wa sauti za juu kwenye rudio, maana tepu nayo ilikuwa ikizififisha. Muhimu kuliko vyote, mwangwi utoke katikati pamoja na sauti ya asili. Mkiutupa kushoto na kulia, mambo yameharibika.

Angalieni pia kasi ya wimbo. Rudio likiangukia karibu na pigo bila kulikalia, wimbo unasukumwa. Likigongana nalo, mwimbaji anasikika kama ana kigugumizi. Badilisheni milisekunde tano tano hadi ikae. Msikate tamaa: Januari 1956, Presley alipokwisha hamia kampuni ya santuri ya RCA, mafundi wa kampuni hiyo kubwa kule Nashville waliutafuta mwangwi wa Sun bila kuupata, wakaishia kutumia mwangwi wa korido.

Nimerithi sahani za 45 na 78 (mizunguko kwa dakika) za miaka ya hamsini. Zina ukungu, zinaruka, na nyingine sauti inayumba. Nizisafisheje? (Msomaji, Mombasa)

Zitenge kwanza. Zile za 78, nzito na zinazovunjika kama kigae, nyingi zina shelaki, ile ile ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti. Zikiguswa na spiriti au alkoholi yoyote, mistari inayeyuka na hairudi. Tumia maji yaliyokenekwa na tone la sabuni ya vyombo, basi.

Za 45 za plastiki laini zinavumilia sehemu tatu za maji hayo kwa sehemu moja ya alkoholi ya isopropili. Maji yanapatikana vituo vya mafuta kama maji ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mistari, usiloweshe lebo, suuza kwa maji matupu, kisha simamisha zikauke kivulini. Mifuko ya zamani ya karatasi itupe, kwani ukungu umejificha humo.

Kuruka mara nyingi ni uchafu au mkono wa santuri ulio mwepesi mno. Weka uzito ambao mtengenezaji wa katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ameutaja. Kuyumba kwa sauti ni tundu: 45 za Marekani zina tundu kubwa la milimita 38, na adapta ikilegea sahani inazunguka upogo. Sindano ya 78 iwe ya mikroni 75 hivi. Ile ya kawaida ya stereo inazama hadi chini ya mfereji na kukupa mikwaruzo mitupu. Na kama ampu ina kitufe cha mono, yaani cha kuunganisha sauti ya kushoto na kulia kuwa moja, kibonyeze. Kelele nyingi zitapungua hapo hapo.

Nauziwa Sun 209 "halisi" ya rangi ya kijani. Ninunue? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Santuri za Presley za Sun hazikutolewa kwa plastiki ya rangi. Hiyo ni nakala ya baadaye. Halisi ni nyeusi, lebo ya njano yenye maandishi ya kahawia, jogoo na miale ya jua. Za 45 zilizochapwa Memphis huwa na alama tatu za mviringo zilizobonyea kwenye lebo. Alama zisipokuwepo pekee si ushahidi wa ughushi, kwa kuwa viwanda vingine navyo vilichapa. Mwambie muuzaji apige picha ya lebo, taa ikiwa ubavuni, kabla hujatoa riali hata moja.